Wali wa Maziwa kwa Kunguru

Ba,

Ni mimi niliyefungua tundu la kunguru kule bwawani. Sijamwambia mtu. Mama hajui, mchungaji hajui, hata rafiki zangu wa shule hawajui. Mlinzi wa bustani anaamini komeo lilikuwa bovu, na Jumamosi hii nimekuta wametia kufuli jipya, kubwa kama la duka. Nilipita karibu nalo nikijifanya natazama maji.

Shikamoo. Najua ulikuwa hupendi mtu aanze maneno kabla ya salamu, lakini hili lilikuwa limenikaa kooni.

Nakuandikia nikiwa stoo ya Mama, nimekaa juu ya beseni lililopinduliwa. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na kwa kuwa nasubiri, basi nimekuwa mali ya duka. Kutwa ni ndoo, mabeseni na majagi. Mama anataka nisimame mlangoni niite wateja wa jumla, na mimi sauti haitoki. Mjomba akipita ananicheka. Anasema hajawahi kuona Mchaga anayemwonea haya mteja, labda hospitali walitubadilishia mtoto. Wapagazi nao wameshanijua, wakipita na mizigo wananiita Bibi Harusi. Wewe peke yako, jirani uliyenifundisha nikuite Ba, bibi kwa lugha ya kwenu, ndiye hukuona kunyamaza kwangu kuwa ni ugonjwa. Ulisema jengo zima lina kelele, umepata Mchaga mmoja aliyetulia, humrudishi kwa mwenyewe.

Nina hasira, Ba, na sijui nizipeleke wapi, ndiyo maana nazileta kwako.

Ulikufa nikiwa bwenini, katikati ya mitihani. Mama aliamua nisiambiwe, nisije nikaharibu. Labda alikuwa sahihi. Bado sijamsamehe vizuri. Siku niliyorudi nilipanda ngazi na begi langu, nikaona mlango wako uko wazi, nikafurahi, nikaingia bila hodi kama siku zote. Ndani kulikuwa na viatu. Maboksi ya viatu kutoka sakafuni mpaka darini, pale ulipokuwa na kabati la miungu, pale palipokuwa na redio, kila mahali. Kijana aliyekuwa akiyapanga akaniambia, "Dada, hapa stoo, duka liko chini." Nikasema samahani, nikatoka. Ndivyo nilivyojua. Mama alikuja kunieleza jioni, lakini mimi nilikuwa nimeshaelezwa na viatu.

Bembea yako ya mbao imeuzwa. Ndoano zake zimebaki darini. Kijana wa viatu ametundika hapo taa.

Mwanao alikuja kutoka ng'ambo, akafanya yote kama inavyotakiwa, wanasema alilia sana. Majivu yako aliyatia baharini. Kisha akauza nyumba akarudi kwake. Simlaumu. Ila hakuna aliyenifikiria mimi jirani wa mlango wa kulia, kwamba huyu naye atahitaji mahali pa kwenda. Sisi kwetu mtu anazikwa mgombani, nyuma ya nyumba. Krismasi tukienda Moshi babu yuko palepale, tunamfagilia majani, Mama anamweleza habari za Dar kana kwamba anamsikia. Ukimtaka mtu unajua aliko. Wewe nikutafute wapi? Baharini kote?

Nilianza kwenda bwawani kwa sababu hiyo tu. Jumamosi alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, kama tulivyokuwa tukienda: kupitia Mnazi Mmoja, Posta ikiwa bado tupu, mpaka kwenye geti la bustani. Wewe na sari yako na raba zako nyeupe, mimi nimebeba chupa ya chai na kikopo cha chevda, vile vitafunwa vyako vya pilipili. Tulikuwa tunalizunguka bwawa polepole. Ulikuwa huruhusu mtu kuzungumza mpaka tumwone mdiria, yule ndege mvua samaki. Siku nyingine hakuonekana kabisa, tukarudi nyumbani kwa bajaji bila kusema neno, na ulipofika mlangoni kwako ulicheka peke yako.

Sasa kuna uzio upande wa matete. Benchi letu limeng'olewa. Kuna kibao kinachosema ni marufuku kulisha ndege. Na nyuma ya miti, pale yangeyange wanapojenga viota, wameweka tundu la waya, kubwa kama chumba, lina nyama ndani. Juu lina uwazi. Kunguru anaingia kwa juu akifuata nyama, kutoka hawezi. Mlinzi alikuwa akimweleza mama mmoja aliyekuja na watoto: kuna kunguru mmoja wamemkata manyoya ya bawa, huyo haondolewi, anakaa humo kuwavuta wenzake. Wengine huja kuchukuliwa kila Jumatatu. Mtoto mmoja akauliza wanapelekwa wapi. Mlinzi akamwambia, "Shule."

Unajua kwamba sikuwa na ugomvi na tundu hilo. Wewe mwenyewe uliwachukia kunguru. Walipovamia makinda ya yangeyange uliwatikisia mwavuli na kuwatukana kwa lugha zako zote. Mzee mmoja pale alikutania, akasema hao si ni ndugu zako, mmekuja nao kwa meli moja kutoka India? Ukamjibu, "Mimi nimezaliwa Kisutu, na hawa wamezaliwa kwenye mkwaju wa nyuma ya nyumba yako. Wewe umetoka wapi?" Alikuwa ametoka Tabora. Alikununulia dafu.

Lakini kila mwaka zilikuwepo zile wiki mbili. Mwaka mzima unawatukana, wiki mbili unawaita wageni. Ulinifundisha nikiwa mdogo, wakati magoti yako yalipoanza kukataa ngazi na mimi nikawa nakubebea sahani mpaka juu ya paa. Wali uliopikwa kwa maziwa, sukari na iliki, na ile mikate myembamba ya kukaanga. Ulisema katika wiki hizo waliokufa wanakuja kuangalia kama wanakumbukwa, na kunguru ndiye anayewapelekea. Kunguru akila, wamekula. Nakumbuka ule mwaka kunguru wa mumeo alipochelewa. Ulisimama kwenye jua umejifunika sari, umekataa kula mpaka yeye ale, jasho linakutoka. Ukasema, "Huyu mzee alichelewa chakula akiwa hai, na bado anachelewa." Alipotua mwishowe na kudonoa, ulifunika uso. Mimi nilidhani unacheka.

Basi mwezi uliopita nilipita Kisutu nimetumwa na Mama, nikaona akina mama wa Kihindi wananunua maziwa mengi na majani, nikajua zile wiki zimefika. Nikajiuliza nani atakuwekea wewe. Nilijua jibu.

Ungesema ningeweka juu ya paa. Paa lina matangi ya maji na geti, ufunguo anao wakala wa jengo. Niliweka dirishani kwetu, asubuhi Mama alipokwenda kufungua duka. Kunguru wa mtaani wamepungua sana, watu wamewawekea sumu na mitego, na waliobaki wana woga. Nilingoja nyuma ya pazia. Akaja paka wa ghorofa ya juu, akala wali, akalala hapohapo dirishani. Nilikasirika nikamrushia ndala, ndala ikaangukia barabarani. Nilishuka kuifuata, muuza kahawa akanirudishia huku akiniuliza nimegombana na mume gani.

Ndipo nikafikiria bwawani.

Jumamosi ya kwanza nilipika alfajiri, nikamwambia Mama najipikia uji. Nilichukua jani la mgomba kwa wauza ndizi, yale wanayofungia mikungu, nikaliosha. Nilitafuta mahali pasafi kando ya maji, mbali na kibao. Nikatandaza jani, nikapanga kila kitu kama ulivyokuwa ukipanga, mikate upande wa kulia. Kisha sikujua niseme nini. Maneno yako ya kusema sikuwahi kuyajua, ulikuwa ukiyasema chini chini. Nikasema nitasali tu ya kwetu, hawezi kuchukia. Na mimi nimelelewa kwamba sala ni kufumba macho. Nikafumba, nikainamisha kichwa, nikasali Baba Yetu yote bila kukimbia. Nilipofika Amina nikafumbua macho, nikamwona kenge anaingia majini na jani lote mdomoni.

Usinicheke. Najua unacheka.

Jumamosi iliyofuata nilisali macho wazi. Kunguru mmoja alikuwa juu ya mti, ananitazama, akashuka tawi moja, akashuka tena. Nilikuwa hata sipumui. Filimbi ikalia nyuma yangu. Mlinzi alikuja anatembea haraka, ananyooshea kibao kidole, ananiuliza kama sisi wasomi tumefundishwa kusoma au kupiga picha tu. Alisema bustani si jalala. Kunguru alishaondoka. Niliukusanya wali kwa mikono, maziwa yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na sikuweza kumjibu hata neno moja. Ba, nilikuwa na maneno mengi sana. Yote yalikuja nilipofika Mnazi Mmoja.

Lakini hilo silo lililoniumiza. Kabla sijaondoka alinitazama vizuri, sauti yake ikabadilika, akasema, "Wewe si ndiye ulikuwa unakuja na yule bibi wa Kihindi, wa raba? Hajambo?"

Nikasema hajambo.

Nikasema, "Anakusalimia."

Mtu gani anafanya hivyo? Nilitembea mpaka nyumbani nikijisema. Siku ile Mama aliniambia nisimame mlangoni niite wateja nikamjibu vibaya, mara ya kwanza maishani, akashangaa mpaka akasahau kunigombeza.

Nikaenda Kisutu kwenye lile duka la vitafunwa ulikokuwa ukininunulia jalebi. Nilitaka kuuliza jambo moja tu, kama lazima awe kunguru, au yangeyange naye anafaa, maana yangeyange hawana shida, wanatembea mpaka miguuni. Nilisubiri wateja waishe. Hawakuisha. Mwisho mzee mwenyewe akaniuliza nimekuja kununua au kulinda duka. Nikamwuliza. Akaacha kupima tambi, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia bibi yangu.

Akanitazama kuanzia nywele mpaka ndala. "Bibi yako wa Machame au wa Kibosho?"

"Wa ghorofa ya pili," nikasema.

Sikukusudia kuchekesha. Alicheka, kisha akaacha. Aliniuliza ni ghorofa ya pili ya jengo gani, nikamwambia, akatikisa kichwa taratibu, akasema alikuwa mteja mgumu sana, hakuwahi kununua bila kuonja. Akaniambia yangeyange hafai. Ni kunguru. Na kwamba siku ya mwisho ni Jumapili, mwezi ukiwa haupo kabisa, siku hiyo ni ya wote, hata wale ambao hakuna anayejua siku yao. Ikipita hiyo ni mpaka mwakani. Alinifungia jalebi kwenye karatasi akakataa nisimshukuru.

Jumapili, Ba. Kati ya siku zote.

Nilimwambia Mama naenda ibada ya kwanza. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikatia wali kwenye hotpoti na hotpoti kwenye mfuko wa Biblia. Biblia nilikuwa nayo pia, nisiwe nimedanganya kila kitu. Bwawani hakukuwa na mtu, mlinzi alikuwa getini anakunywa chai na muuza mihogo. Nilimpa shikamoo nikapita. Mti wa kunguru wangu ulikuwa mtupu. Miti yote ilikuwa mitupu. Nikasikia kelele, nikaenda nyuma, nikawakuta wote wako ndani ya tundu.

Walikuwa wamejazana, wanarukia waya, wanaangukiana. Yule wa bawa lililokatwa alikuwa chini pembeni, ametulia. Nilitandaza jani langu karibu na waya. Nikaweka wali. Nikausukuma mwingine ndani kwa vidole. Wakaukanyaga. Nikasema sala, nikawaomba, nikawaambia ni nani aliyekufa na kwamba ni siku ya mwisho. Hawakutaka hata kuutazama. Nani anakula akiwa ndani ya tundu?

Nikakugombeza wewe. Kwa sauti, mimi ambaye siwezi kuita mteja wa ndoo. Nilisema ulikufa bila kuniambia, umeniacha na viatu, umenifundisha mambo nusu nusu, maneno hukunifundisha, siku hukunifundisha, umenifanya nikamdanganya mama yangu na kanisa, na sasa hata kula hutaki. Nilisema kama una njaa basi njoo, na kama huna useme nirudi nyumbani. Nilikuwa nalia mpaka kamasi. Na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo.

Ni komeo la kawaida tu, kama la banda la kuku. Nilivuta.

Wakatoka wote kama moshi. Bawa la mmoja lilinipiga shavuni. Wakapita juu ya maji, juu ya uzio, wakaelekea Kivukoni, na hata mmoja hakugeuka. Nikabaki na gauni la kanisani na wali wangu. Nilijua nimefanya ujinga. Nilijua kwamba hao hao watarudi kula makinda ya yangeyange, na kwamba ungekuwepo ungenipiga na mwavuli. Nikaketi chini.

Ndipo yule wa bawa lililokatwa akatoka. Alitoka kwa miguu, Ba. Akasimama kwenye kizingiti cha tundu, akatazama huku na huku, akaja anatembea, anayumba kidogo, upande mmoja kisha upande wa pili, kama mtu mwenye magoti mabovu. Alinizunguka. Akalizunguka jani. Akachukua mkate kwanza, akauangusha, akauonja wali. Akaacha. Akaonja tena. Kisha akala. Alikula vizuri, bila haraka, akapangusa mdomo kwenye ukingo wa jani, na mimi sikufumba macho hata kidogo.

Tangu nilipoamka nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Nilikula jalebi iliyobaki palepale chini, naye akiwa anakula, kama tulivyokuwa tukingoja juu ya paa.

Sijui alikwenda wapi. Alipomaliza aliingia kwenye matete. Nimemtafuta Jumamosi hii sikumwona. Nimewahesabu yangeyange, makinda yao bado yapo, lakini kunguru nao wamesharudi kwenye ule mti, na nikiwaona najisikia vibaya. Kama makinda yataliwa ni kwa sababu yangu. Hilo nalijua, na sitajidanganya kwamba ni komeo. Ila ukiniuliza kama ningelifunga tena, sijui nikujibu nini.

Na bado nina hasira. Nilidhani ukishakula zitaisha. Nimeamka Jumatatu nikakuta viatu bado viko kwako, Mjomba bado ananicheka, Mama ameshapanga nisome uhasibu. Kitu kimoja tu kimebadilika. Juzi mteja wa Mbagala alitaka kuondoka bila kununua, na mimi nikamwita. Sauti ilitoka kubwa mno, wapagazi wote wakageuka. Alirudi. Hakununua, lakini alirudi.

Sasa Ba, nenda salama. Nimechelewa kukuaga, nilikuwa bwenini. Mwakani nitauliza siku mapema, nitapika, nitatafuta paa lenye mtu wa kunifungulia, na kama sitalipata nitarudi bwawani. Na Jumamosi ijayo nikifika getini, mlinzi akiniuliza kama hujambo, sitasema unamsalimia. Nitamwambia umekufa. Nitalisema neno hilo kwa mdomo wangu mwenyewe, hata kama litatoka kubwa mno.

Kama huko mnaonana watu wote, utamkuta mzee mmoja mrefu wa Machame, mwenye kofia ya pama, anapenda kuuliza watu wanasali wapi. Huyo ni babu yangu, alikuwa mzee wa kanisa. Msalimie sana, mwambie majani tunamfagilia. Lakini habari ya ibada ya kwanza usimguse nayo. Na la tundu usimwambie yeye wala mtu mwingine yeyote huko, hata mumeo akija kula. Nimekwambia wewe tu.

Haika, wa mlango wa kulia